Siku 19 za Kudai Ovaloki: Tathmini ya Dawati la Usuluhishi la Soko la Mtandaoni

Ninashona na kuuza nguo eneo la Majengo hapa Moshi, na kwa miaka miwili sasa vifaa vyangu vingi vya kazi nimevinunua kupitia soko moja la mtandaoni linalowakutanisha wauzaji wa Dar es Salaam na wanunuzi wa mikoani, na nguo zangu nami huziuza humo. Kuhusu bei zake na wingi wa bidhaa zake wameshaandika wengi. Mimi nataka kutathmini huduma yake moja tu, ambayo mteja haioni mpaka siku mambo yanapoharibika: dawati la usuluhishi, yaani watu na utaratibu unaoamua nani apewe fedha pale mnunuzi na muuzaji wanaposhindwa kuelewana. Mwaka huu nimefika kwenye dawati hilo mara mbili, kwanza nikiwa mlalamikaji na baadaye nikiwa mlalamikiwa, kwa hiyo nimeonja machungu ya pande zote mbili. Jina la soko hilo silitaji kwa kuwa shauri langu la kwanza lina kipande ambacho hakijafungwa, na kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanayahusu pia masoko mengine yanayotumia utaratibu wa namna hiyo.

Nianze na lile lililonifanya nilichague soko hili. Mnunuzi hamlipi muuzaji moja kwa moja. Unalipa kwa simu kwenye lipa namba ya soko lenyewe, fedha zinashikiliwa huko, muuzaji anaarifiwa kuwa malipo yapo, naye anapeleka mzigo kwenye basi. Mzigo ukishaandikwa kuwa umefika, mnunuzi ana saa 48 za kukagua na kulalamika. Akinyamaza, ukimya wake unahesabiwa kuwa ameridhika na muuzaji anapewa fedha zake. Anayenunua kwenye kurasa za mitandao ya kijamii hana kinga hiyo hata kidogo, kwa sababu huko kauli ni moja tu, tuma pesa kwanza, na ukishatuma huna tena cha kushika mkononi. Kampuni ya simu inaweza kukusaidia ukikosea namba, lakini ikiwa uliyemtumia ndiye uliyemkusudia na tatizo ni bidhaa aliyokutumia, utaambiwa kuwa hayo ni makubaliano yenu wawili.

Ninaamini kabisa kwamba usuluhishi wa biashara za mtandaoni unasimama au kuanguka kwa swali la nani ameshika fedha wakati watu wanabishana. Historia yenyewe inaonyesha hivyo. Soko la eBay la Marekani lilianza mwaka 1995, na mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts wakiongozwa na Ethan Katsh walifanya jaribio la kusuluhisha migogoro ya wateja wake kwa barua pepe, wakapokea mashauri karibu 200 katika wiki mbili tu. Baadaye eBay ilipoinunua PayPal mwaka 2002, njia ya malipo na mahali pa kulalamikia vilikuwa chini ya mwenye nyumba mmoja, na kazi hiyo ikakua hadi kufikia migogoro inayokadiriwa kuwa milioni 60 kwa mwaka. Huko China, soko la mtandaoni la Taobao lilianzisha utaratibu wa kushikilia fedha mpaka mnunuzi athibitishe kupokea mzigo, jambo lililowapa ujasiri wa kununua watu wasiojuana kabisa. Kinyume chake, Umoja wa Ulaya ulifungua mwaka 2016 jukwaa lake la umma la kupokea malalamiko ya wanunuzi wa mtandaoni, likaandaliwa kwa lugha nyingi na kwa gharama kubwa, lakini halikushika fedha ya mtu yeyote. Wafanyabiashara wengi waliolalamikiwa hawakujibu kabisa, na jukwaa hilo likafungwa tarehe 20 Julai 2025. Kwa hiyo soko letu hili linaposhika fedha zangu mpaka niseme nimeridhika, limeshafanya nusu ya kazi kabla mtu yeyote hajalalamika, na kwa hilo ninalipongeza kwa moyo wote.

Nusu ya pili ndiyo iliyonisumbua.

Niliagiza ovaloki ya nyuzi nne kwa Sh 780,000. Kwa asiyeshona, ovaloki ni cherehani inayokata na kufunga ukingo wa kitambaa ili usichomoke nyuzi, na tofauti ya nyuzi tatu na nyuzi nne si jambo la mapambo. Ya nyuzi nne ina sindano mbili, na ule uzi wa ziada unaimarisha mshono kiasi kwamba unaweza kuunganisha fulana, sketi za kuvutika au sare za michezo bila kurudia kwa cherehani ya kawaida. Ya nyuzi tatu ina sindano moja, nayo ni nzuri kwa kumalizia kingo, lakini haikuwa ndiyo niliyohitaji, kwani nilikuwa nimepokea oda ya sare za michezo za shule. Tangazo lilisema nyuzi nne kwa maneno yanayosomeka wazi, na picha ilionyesha sindano mbili.

Mzigo uliingia Stendi Kuu ya Moshi siku ya Ijumaa usiku, na muuzaji, ambaye alikuwa anafuatilia basi lake kama inavyompasa, aliingiza kwenye programu ya soko kuwa umefika saa tatu usiku ule ule. Tangu dakika hiyo saa 48 zangu zikaanza kuhesabiwa, wakati ofisi ya vifurushi imeshafungwa na mimi ninajiandaa kwenda msibani Kibosho kesho yake. Niliuchukua mzigo Jumapili baada ya ibada, nikaufungua saa kumi jioni mbele ya fundi wangu wa mashine, naye hakuhitaji hata kuwasha umeme. Aliinamisha kichwa, akatazama, akasema, "Dada, hii ina sindano moja." Zilikuwa zimebaki saa tano.

Ninaomba wanaoendesha soko hili waisome sehemu hii kwa makini. Mzigo kufika stendi si mzigo kumfikia mnunuzi. Kwetu mikoani karibu kila kitu kinakuja kwa basi, mzigo unalala ofisini kwa karani, na wengine wanaufuata kutoka Marangu, Sanya Juu au Same, ambako kuja mjini ni safari ya kupangwa. Kuanza kuhesabu saa tangu basi linapoingia ni kumnyima mnunuzi haki yake kabla hajaikata kamba ya boksi. Dawa yake ni nyepesi: karani wa vifurushi anampa mchukuaji karatasi ya kusaini, na karatasi hiyo ina tarehe. Saa zianzie hapo, na anayechelewa kuufuata mzigo wake kwa zaidi ya siku kadhaa asilaumu mtu. Mimi niliwahi kwa bahati, kwa sababu msiba ulikuwa Kibosho. Kama ungekuwa Singida, fedha zangu zingekuwa kwa muuzaji kabla sijarudi.

Fomu ya malalamiko nayo ilinipotezea siku sita. Ilinipa sababu tatu za kuchagua: bidhaa haijafika, bidhaa ina kasoro, au nimebadili mawazo. Mashine ilikuwa imefika, tena ilikuwa nzima, na mawazo yangu hayakubadilika hata kidogo. Shida yangu ilikuwa kwamba sikuletewa kitu nilichoagiza. Ilinilazimu kuchagua kasoro, na kuanzia hapo kila ujumbe niliopokea uliniomba video ya mashine ikishindwa kufanya kazi. Nilijibu kuwa haishindwi. Nikajibiwa, kwa ujumbe ulioonekana umeandaliwa tangu zamani, kwamba bila video ya kasoro shauri litafungwa. Huko eBay malalamiko makubwa ya mnunuzi yamegawanywa kwa miaka mingi katika mafungu mawili, kitu kutofika na kitu kutolingana na maelezo yake, na mgawanyo huo umetokana na uzoefu, kwa sababu la pili linamtaka msuluhishi alinganishe tangazo na kitu, wakati kasoro inamtaka apime kitu peke yake. Kukosa fungu hilo moja kwenye fomu kulimfanya mtu aliyekaa Dar es Salaam anitake nithibitishe jambo ambalo sikulidai.

Katika siku hizo sita muuzaji alifanya mambo mawili. La kwanza, alinitafuta kwa WhatsApp, nje ya programu, akaniambia kwa upole kwamba yeye ni baba wa familia, kwamba stoo walichanganya maboksi, na kwamba angenirudishia Sh 60,000 kama ningefunga malalamiko kwanza. Sina hakika kama alikuwa na nia mbaya, na inawezekana stoo walichanganya kweli. Lakini ninajua kuwa lalamiko likifungwa fedha zinaachiwa, na baada ya hapo ahadi ya Sh 60,000 ingebaki kuwa ahadi ya mtu nisiyemfahamu. Nilimjibu kwamba aiandike ofa hiyo ndani ya programu ili msuluhishi aione. Hakuiandika. Kwenye ukurasa wa malalamiko hapana onyo lolote kuhusu jambo hili, ingawa naamini ndiyo njia inayowapoteza wanunuzi wengi kuliko nyingine zote.

La pili lilikuwa zito zaidi. Siku ya nne tangu nilalamike, tangazo lilibadilika. Maneno "nyuzi nne" yakaondolewa, pakaandikwa "nyuzi tatu au nne kulingana na stoo", na picha ikawekwa nyingine. Dawati lilipokuja kulisoma tangazo, lilisoma lile jipya, kisha likaniuliza kwa nini ninalalamika wakati maelezo yanaruhusu nyuzi tatu. Hapo ndipo nilipookolewa na tabia niliyofundishwa na mama yangu aliyekuwa akiuza ndizi Kiboriloni, ambaye hakuwahi kuacha kusema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kulipa huwa ninapiga picha ya skrini ya tangazo zima, bei, jina la muuzaji na tarehe. Niliituma. Ni vyema msomaji ajue kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi unaoweza kupokelewa mahakamani, kwa hiyo picha hizo na mazungumzo ndani ya programu vina uzito hata nje ya dawati la soko. Hata hivyo mzigo huo haukupaswa kuwa juu yangu. Soko ndilo linaloliendesha tangazo, na ndilo lenye uwezo wa kuhifadhi nakala yake kama lilivyokuwa saa ile mteja alipolipa. Kumruhusu muuzaji alibadilishe wakati shauri linaendelea ni kumruhusu mshtakiwa aandike upya hati ya mashtaka.

Siku ya 11 alinipigia simu ofisa wa dawati, dada mwenye sauti ya utulivu, wa kwanza kuzungumza nami bila kusoma maandishi. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Dada, hebu niwekee kamera karibu na mguu wa mashine, unihesabie sindano." Nikahesabu moja. Akaniomba pia picha ya kile kibati chenye namba ya mashine, ambacho kwenye ovaloki huwa kinaeleza aina yake, akakilinganisha na picha ya skrini niliyotuma. Mazungumzo yetu hayakuzidi dakika tisa. Jioni ile uamuzi ukaja kwa Kiswahili kizuri, ukieleza kilichodaiwa, kilichoonekana na kwa nini muuzaji ameshindwa. Mimi nirudishe mashine kwa basi, na ikishapokelewa nirudishiwe Sh 780,000 zote. Mashine ilipokelewa siku ya 16, fedha zikaingia kwenye simu yangu siku ya 19.

Dakika zile tisa zinanifanya nisite kulihukumu dawati hili kwa ukali. Uwezo wa kuamua kwa haki upo, na watu wenye busara wapo. Kinachokosekana ni njia ya kuwafikia mapema. Hapa Moshi kwenye soko la Mbuyuni, ukiuziwa gunia la maharage mapya ukakuta chini yamechanganywa na ya mwaka jana, unarudi asubuhi, majirani wa meza wanasogea, mwenyekiti wa soko anaitwa, mkono unaingizwa ndani ya gunia mbele ya wote, na kabla ya adhuhuri mmeshamalizana, kwa sababu muuzaji anajua kesho atakuwa palepale. Mtandaoni hatuna meza ya jirani wala uso wa kuuonea haya, hivyo yule ofisa wa simu ndiye mwenyekiti wetu wa soko. Asiletwe siku ya 11.

Shauri langu la pili lilikuwa dogo, lakini limenifikirisha zaidi. Nilimshonea mteja wa Njiro, Arusha, gauni la kitenge la Sh 45,000 kwa vipimo alivyoniandikia mwenyewe ndani ya programu. Akalalamika kuwa linambana. Kesho yake asubuhi nilipata taarifa kuwa amerudishiwa fedha zake, gauni abaki nalo, na kiasi hicho kimekatwa kwenye salio langu. Hakuna aliyeniuliza neno. Nilipokata rufaa na kuonyesha ujumbe wake wenye vipimo, dawati lilinijibu kwa uungwana, likaeleza kuwa madai yasiyofika Sh 50,000 huamuliwa na mfumo wenyewe kwa faida ya mnunuzi, kisha baada ya siku nane likanirudishia fedha yangu.

Ninaelewa mantiki yake. Kumweka mtu asikilize shauri la gauni moja kunaweza kugharimu kuliko gauni. Masoko makubwa duniani pia yameegemea kwa mnunuzi, na eBay ilifika mahali pa kuwazuia wauzaji wasiwape wanunuzi alama mbaya kuanzia mwaka 2008, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wanaogopa kusema ukweli wakihofia kulipiziwa. Lakini hata aliyeshtakiwa kwa kuku huulizwa kwanza kabla ya kutozwa faini. Ikiwa soko limeona ni nafuu kwake kumridhisha mnunuzi bila kusikiliza, basi gharama ya unafuu huo ilipwe na soko, isitolewe kwenye mfuko wa fundi ambaye faida yake kwenye gauni lile haizidi Sh 12,000. Ninawajua mafundi wawili wa Arusha walioacha kuuza huko kwa sababu hiyo, na wote wamerudi kwenye kupokea nusu ya malipo kwanza, utaratibu unaomweka mnunuzi katika hatari ileile ambayo soko lilikusudia kuiondoa.

Kwa atakayelitumia soko hili kwa kitu cha bei kubwa, nashauri apige picha ya tangazo kabla ya kulipa, amwombe karani wa vifurushi aandike saa ya kuchukua mzigo kwenye risiti, na aufungue palepale stendi huku mtu anarekodi kwa simu, hata kama abiria watamshangaa. Mazungumzo yote yabaki ndani ya programu. Kwenye fomu achague sababu iliyo karibu zaidi na shida yake, lakini sentensi ya kwanza ya maelezo iseme waziwazi, "Sikuletewa nilichoagiza." Akiona dawati limemwangusha kabisa, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inapokea malalamiko ya walaji, na kama aliyeko upande wa pili ni tapeli wa simu na si mfanyabiashara, namba yake itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Kwa kushika fedha na kutoziachia mpaka mnunuzi apate nafasi ya kusema, ninalipatia dawati hili nyota tano kati ya tano. Kwa namna linavyohesabu muda na linavyolinda ushahidi, siwezi kulipatia zaidi ya mbili. Kwa kumsikiliza muuzaji kabla ya kumkata, moja. Bado ninanunua huko, na ovaloki ninayoitumia sasa, yenye sindano mbili, nimeipata huko huko kwa muuzaji mwingine, nikaikagua Stendi Kuu juu ya benchi la wapakia mizigo.

Kipande kilichobaki ni nauli. Kuirudisha ile mashine Dar es Salaam kulinigharimu Sh 18,000 za basi, ambazo nilizitoa mimi ingawa uamuzi ulisema kosa ni la muuzaji. Nimeziomba mara tatu, nikiambatanisha risiti ya kampuni ya basi. Ombi la mwisho lina wiki tano sasa, na kwenye programu bado linasomeka "linashughulikiwa".